Mchezo Haujafungwa

Palikuwapo nchi, na mkitaka kuamini ipo bado, ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga. Ni kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila baada ya semina, na mimi sipendi kuachwa nyuma na maendeleo.

Nchi hiyo ilikuwa na wizara, tume, kamati, na kamati ndogo za kuangalia kamati. Asubuhi palikuwa na mkutano, na mchana palikuwa na mkutano wa kutathmini mkutano wa asubuhi. Dosari ilikuwa moja tu: wananchi walipokaa muda mrefu kwenye viti vya plastiki, walianza kunyoosha mikono na kuuliza maswali. Huyu anauliza dawa zimekwenda wapi, yule anauliza kisima kitachimbwa lini. Bwana mmoja alithubutu hata kuuliza mkutano wenyewe ni wa nini.

Serikali, ambayo ni sikivu kupita kiasi, ilihuzunika ikaunda tume. Tume ikaenda ng'ambo kujifunza, ikarudi na masanduku mengi na jibu moja. Mwananchi anayeuliza swali, ilisema tume, si mwananchi mwenye swali, bali ni mwananchi mwenye usingizi. Damu haimzunguki vizuri. Asimamishwe, atikiswe, achekeshwe, na swali litamtoka lenyewe kwa njia ya jasho.

Basi ikazaliwa Wizara ya Uchangamfu, na kila wilaya ikapewa Mchangamshaji wake hata kabla ya kupewa daktari. Wilaya ya Namtanda ikapewa Chande Likoko.

Chande hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye mtashawishika kulisahau. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mrefu, mwenye sauti ya kupasua ukumbi, na Mungu alikuwa amempa kipaji ambacho hakipimwi kwa vyeti: akisimama mbele ya watu elfu, watu elfu walijikuta wamesimama. Alijua kwamba umati hauelezwi mchezo, unaingizwa ndani yake. Ukieleza zaidi ya sentensi tatu, wale wa nyuma wameshaanza kununua karanga. Alijua kuanza na mikono kabla ya miguu, na miguu kabla ya sauti, maana mtu mzima ana haya na haya haimtoki kwa mkupuo. Alijua kusimama upande ambao jua linampiga yeye machoni, si wao. Na alijua siri kubwa ya kazi ile, kwamba mchezo ukatishwe ungali mtamu.

Hiyo siri kubwa Wizara iliifuta kwa waraka. Ilionekana ni utovu wa adabu mchezo kukatishwa na mtu wa kawaida. Katika nchi ile kila kitu hufunguliwa na mgeni rasmi na kufungwa na mgeni rasmi, iwe semina, iwe choo cha shule, na haikuonekana sababu ya mchezo kuachwa yatima. Ikaamriwa kwamba mchezo uliofunguliwa na mgeni rasmi hufungwa na mgeni rasmi peke yake. Anayeacha kucheza kabla ya hapo ameua mchezo, na muuaji wa mchezo hupelekwa kituo cha polisi kuchangamshwa peke yake. Waliorudi kutoka huko walikuwa wachangamfu sana, ila hawakupenda kusimulia.

Chande alikuwa na michezo mingi. Alikuwa na Makofi ya Mvua, ambayo watu huanza kugonga kiganja kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka viganja vizima vinapovuma na unaapa kwamba bati linapigwa na masika. Alikuwa na Boti Inazama, ambayo akipiga kelele "wanne wanne!" watu hukumbatiana wanne wanne, na waliokosa wenzao huhesabiwa wamekufa maji na kukaa pembeni wakichekwa. Lakini uliompandisha cheo ulikuwa Mwangwi, alioubuni mwenyewe. Katika Mwangwi, analosema Chande umati unalisema, analotenda umati unalitenda. Basi. Mchezo mwepesi hivyo, na watu waliupenda mno, kwa sababu ulikuwa mchezo pekee ambao hauna wa kushindwa.

Sasa, Namtanda ilikuwa na mto uitwao Lukwale, na juu ya Lukwale palikuwa na daraja, mpaka masika ya mwaka ambao Serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Miundombinu. Mto uliona tangazo hilo ukalichukua daraja. Hospitali ilibaki ng'ambo ya mto na watu wakabaki huku.

Serikali haikukaa kimya. Ilileta jiwe la msingi la daraja jipya, likawekwa kwa shangwe. Mwaka uliofuata ikaleta jiwe jingine zuri zaidi. Yale mawe yalikuwa yamejipanga kingoni kwa heshima, kila moja na kibao chake cha shaba, na watu wenye ulimi mkali walisema kwamba Serikali ikivumilia, mawe ya msingi peke yake yatafika ng'ambo.

Kwenye mikutano ya daraja, Mzee Makolela, mzee mmoja mwenye kikohozi, alikuwa na desturi ya kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya," aliwahi kuanza, "mimi nina neno dogo tu. Hilo daraja..."

"Mchangamshaji!" Mkuu wa Wilaya akaita.

Chande akaruka jukwaani. Boti Inazama! Wawili wawili! Watano watano! Mzee Makolela akakumbatiwa na wanawake watatu wauza samaki, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na alipoketi alikuwa anajipangusa machozi.

"Mzee, ulikuwa na neno," Mkuu wa Wilaya akamwambia kwa upole.

"Aa, limenitoka, Mheshimiwa. Tuendelee."

Ikaandikwa kwamba hapakuwa na swali. Chande akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Nyumbani hakukuwa na umati. Kulikuwa na Somoe, mkewe, mwanamke asiyechekeshwa ovyo. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto, wakashauriwa na kila mwenye mdomo, wakazoea, wakaacha hata kulizungumzia. Halafu mwaka huo Somoe akapata mimba. Chande alipoambiwa alikaa chini sakafuni, yeye aliyezoea kuwainua wengine, akalia kwa furaha.

Tumbo lilipokuwa kubwa, Bi Esha, mkunga wa mtaa, alimpapasa Somoe akakunja uso.

"Chande," Somoe alimwambia jioni hiyo, "Bi Esha anasema mtoto kakaa vibaya. Ametanguliza miguu. Anasema nisithubutu kujifungulia hapa, atakayenizalisha ni daktari, na daktari yuko ng'ambo."

"Utavuka mapema, mke wangu. Juma lijalo nakuvusha kwa mtumbwi, unakaa huko mpaka siku yako."

"Na uchungu ukija kabla ya juma lako lijalo? Mto umejaa. Nitavuka na nini, na makofi?"

"Daraja lipo kwenye mipango, Somoe."

"Watu hawavuki juu ya mipango."

Somoe hakuwa mtu wa maneno bila vitendo. Mkutano uliofuata alikwenda mwenyewe, akakaa mbele, na Mkuu wa Wilaya alipouliza kwa mazoea kama kuna mwenye neno, akasimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu.

"Mimi naitwa Somoe binti Hatibu. Sina usingizi, nimelala vizuri. Nauliza, mwanamke mwenye mimba..."

"Mchangamshaji!"

Hapa ndipo ningependa sana kuwaambieni kwamba Chande alikataa. Chande alimtazama mkewe, akamtazama mkuu wake, akainua kidole kimoja. Makofi ya Mvua. Kidole kimoja, viwili, vitatu. Somoe hakuketi. Aliendelea kusema, midomo inaonekana ikienda, na mvua ikazidi, ikazidi, mpaka sauti yake ikafunikwa kabisa na viganja vya jirani zake. Mvua ilipokatika alikuwa amemaliza.

"Ahsante sana, mama," akasema Mkuu wa Wilaya. "Tumekusikia."

Jioni ile Chande hakuweza kula. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atazame sahani kama haijui.

"Kazi, Somoe," akasema mwisho. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sikukasirika kwa kuninyamazisha," mkewe akamjibu. "Mtumwa ni mtumwa. Nimekasirika kwa sababu nilikuona usoni. Mvua ilipokolea, Chande, ulifurahi."

Ilikuwa kweli. Mvua ile ilikuwa imetoka vizuri kuliko zote alizowahi kupiga.

"Waziri anakuja kesho kutwa kuweka jiwe," alisema Chande. "Nitamwambia mwenyewe. Kwenye kipaza sauti, mbele ya watu. Wallahi nitamwambia."

"Haya," akasema Somoe. Akaondoa sahani.

Waziri wa Uchangamfu, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ndalu Makwisa, aliwasili kwa boti ya mashine, kwa kuwa daraja alilokuja kuliwekea jiwe halikuwapo. Kwa ajili ya usalama wake, mitumbwi yote ya Lukwale ilikuwa imekamatwa tangu alfajiri na kufungwa minyororo nyuma ya kituo cha polisi. Wavuvi walishukuru, kwani waliambiwa washukuru.

Uwanja ulijaa. Wanafunzi walitolewa madarasani, wagonjwa wanaoweza kusimama walisimamishwa. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akanywa maji, akatazama upeo wa macho kama mtu anayesubiri kupigwa picha, na kwa kweli alikuwa anasubiri kupigwa picha.

"Ndugu wananchi," akaanza, "kuna watu, sitaki kuwataja, wanaosema Namtanda haina daraja. Nawauliza, daraja ni nini? Ni mbao? Ni chuma? Mbao huoza! Chuma hushika kutu! Daraja la kweli, ndugu zangu, ni lile linalounganisha moyo wa mwananchi na moyo wa Serikali yake. Na hilo, nani asiyeliona?"

Walioliona wakapiga makofi. Jiwe likawekwa. Kisha Mheshimiwa akapewa mkasi, akakata utepe uliozungushwa kwenye kipaza sauti, akatangaza: "Natamka rasmi kwamba mchezo wa Mwangwi sasa umefunguliwa!"

Chande alikuwa amejipanga. Angeuanza mchezo kama kawaida, Mheshimiwa angeufunga, na hapo ndipo wachangamshaji huitwa kupewa mkono na kusema neno la shukrani. Neno lake alikuwa amelikariri. Basi akaanza. Akainua mkono wa kulia, ikainuka mikono yote. Akasema "Ehe!" uwanja ukasema "Ehe!" Akaruka, ardhi ikatikisika.

Katikati ya vicheko akamwona Bi Esha, ameshika ngazi ya jukwaa, anahema, kanga imemdondoka begani. Chande akainama.

"Mkeo yuko kingoni," Bi Esha akamwambia sikioni. "Uchungu umemshika ghafla asubuhi hii, nimemkokota mpaka pale, mitumbwi hakuna. Mguu wa mtoto umeshatoka, Chande. Nimewapigia magoti walinzi wa ile boti, wanasema bila neno la Waziri hawawashi mashine. Sema neno, mwanangu. Upesi."

Akageuka akakimbilia mtoni.

Chande akasimama wima. Akamwelekea Waziri, ambaye aliketi kwenye kochi lililoletwa kwa boti pamoja naye, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, naomba ufunge mchezo!"

"Mheshimiwa, naomba ufunge mchezo!" uwanja mzima ukanguruma.

"Bado!" Waziri akapiga kelele, anapunga mkono. "Bado, bado, unanoga!"

"Si mchezo! Mke wangu anajifungua!"

"Si mchezo! Mke wangu anajifungua!"

Wakasema wanaume, wakasema wanafunzi, wakasema na wanawake, nao waliposema "mke wangu" kwa sauti nyembamba Waziri alijipiga paja kwa kicheko. Alimwambia Mkuu wa Wilaya kwamba kijana huyu ni hazina.

"Naomba boti! Mtoto anakufa!"

"Naomba boti! Mtoto anakufa!"

Sauti ya Chande ikakatika. Za watu zikakatika pia, wakafanya hivyo kwa ustadi, maana aliwafundisha mwenyewe kwamba raha ya Mwangwi ni kufuata mpaka pumzi. Safu ya mbele alikuwapo Mzee Makolela, aliyemjua Somoe tangu anatambaa. Mzee alikwisha kufahamu. Alimtazama Chande, akamtazama askari aliyesimama karibu yake na kirungu, akayasema maneno yale yote mpaka la mwisho huku machozi yanamchuruzika mashavuni. Askari akamsifu kwa kucheza kwa hisia.

Chande akajaribu kumfikia Waziri kwa miguu yake. Walinzi wakamzuia kwa kifua, kwa kuwa itifaki ni kwamba Mheshimiwa hufikiwa kwa kipaza sauti. Basi akapiga magoti. Akaunganisha viganja.

Watu maelfu wakapiga magoti, wakaunganisha viganja.

Waziri akasimama kutoka kwenye kochi. Kicheko kikamwisha, uso ukawa mzito, na waliokuwa karibu walisema jicho lake moja lililowa. "Nimezunguka wilaya zote za nchi hii," akasema kwa sauti ndogo, "sijapata kuona heshima kama hii." Akaagiza Chande apandishwe cheo kuanzia saa ile. Kufunga mchezo hakukumbuka.

Mwenye haja alikuwa amekwisha kuomba kwa kila namna anayoijua binadamu. Chande akatupa kipaza sauti, akaruka chini, akakimbia kuelekea mtoni.

Na watu wakakimbia.

Walikimbia wote, maelfu, wakichanganyika na vumbi, wakilia kwa sauti kama alivyokuwa akilia yeye, mikono kichwani kama aliyoiweka yeye, moja kwa moja kuelekea kingo ambako boti ya Waziri ilifungwa. Walinzi walitazama jambo lile mara moja tu. Katika mafunzo yao hapakuwa na somo la umati unaokimbia kwa utii. "Wanaasi!" mmoja akasema, na wengine hawakuhitaji la pili. Wakamnyakua Mheshimiwa makwapani, wakampitisha njia ya mkato ya nyuma ya ghala la pamba, kiatu kimoja kikabaki njiani, na mashine ya boti, ile ambayo haikuweza kuwashwa bila idhini, ikawaka kwa mvuto mmoja.

Chande alipofika kingoni, boti ilikuwa imekwisha kuiacha nchi kavu. Kama angalitembea polepole, huenda angaliikuta. Hili hakuna aliyemwambia, lakini alilijua papo hapo, na ataendelea kulijua.

Somoe alikuwa amelazwa kwenye mchanga, amejiegemeza kwenye mojawapo ya mawe ya msingi kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuegemea. Alikuwa hai. Bi Esha alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono imelegea, na mapajani kwake palikuwa na kitu kidogo kilichofunikwa kanga mpaka juu.

"Wa kike," Bi Esha akasema. "Nimefanya nilichoweza, mwanangu. Amekaa sana njiani."

Chande akapiga magoti. Nyuma yake kingo yote ikapiga magoti. Akainamisha kichwa, vichwa vyote vikainama. Akaacha kulia, maana kilio kilikuwa kimekauka, na watu wote wakaacha kulia, kukawa kimya kiasi cha kusikia maji yakipita.

Katikati ya mto Mheshimiwa alikuwa amepata pumzi. Alitazama nyuma akaona hapakuwa na mapanga wala mawe, bali taifa lililopiga magoti likiwa limeinamisha kichwa, na moyo wake mwema ukarudi mahali pake. Akaomba kipaza sauti cha mkononi.

"Ndugu wananchi!" ikaja sauti juu ya maji. "Mbona mmepoa?"

Hakujibiwa. Akapunga mkono, kwa kuwa alikuwa na hafla nyingine mchana ule, na boti ikaendelea kwenda ng'ambo, kule hospitali iliko.

Somoe alifumbua macho. Aliwaona jirani zake wote, wauza samaki, wanafunzi, Mzee Makolela, wamepiga magoti hadi juu ya mteremko wa kingo, kila uso unamtazama mumewe. Alimtafuta Chande kwa mkono akamshika ukosi wa shati.

"Waambie waende," akasema. "Nataka kumtazama mwanangu. Waambie waende, Chande."

Chande akasimama. Wakasimama. Akawageukia, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kupasua ukumbi.

"Nendeni nyumbani," akasema.

"Nendeni nyumbani," wakasema wote kwa upole uleule, na hakuna aliyeondoka.